Karatasi za kadi za harusi za mkono, mi nazipata hivi hapa Mwanza

Kabla hujafungua laptop kuchora hata ua moja la kadi, toka nje ukatafute karatasi. Naanza na hilo maana wengi wanaoingia kwenye hizi kazi za kadi za mkono wanaenda kinyume, mtu anaona kadi nzuri Pinterest, anamwonyesha bibi harusi, bibi harusi anaipenda, mama yake anaipenda, kamati inapitisha, advansi inapokelewa na kuliwa, ndo sasa anaanza kuzunguka mjini kuulizia karatasi ya kung'aa rangi ya shampeni na kila duka jibu ni lile lile, "hiyo iliisha dada, labda mzigo ukija". Na mzigo ukija unakuja na rangi nyingine. Kwahiyo mpangilio wangu ni bahasha, halafu karatasi, halafu ndo dizaini. Mteja anachagua kwenye sampo nilizoshika mkononi, sio kwenye picha ya simu.

Hili nililipia kulijifunza. Mnajua kadi zetu zilivyo, kadi ya mwaliko anapata aliyechangia, na watu wanamalizia michango wiki ya mwisho, aliyekuwa singo anaongeza anakuwa dabo, baba mdogo wa Sengerema anatuma hela usiku wa manane, yani idadi kamili ya kadi haijulikani mpaka dakika za majeruhi. Mi nilikuwa na oda ya kadi 180 nikanunua karatasi za kadi 180, nikajiona nina akili ya biashara. Siku nne kabla ya harusi mwenyekiti wa kamati akapiga, "mdogo wangu, tuongezee 40". Nikarudi duka lile lile, nikapewa pakiti yenye jina lile lile, krimu ile ile kwa maandishi, nikakata nikachapa mpaka alfajiri. Asubuhi naziweka pamoja kwenye mwanga wa dirishani, za kwanza zimeelekea kwenye maziwa, za pili zimeelekea kwenye mtindi wa siku tatu. Mama wa bibi harusi akazishika, akazigeuza, akaniuliza taratibu tu, "mwanangu, hizi ni za wageni wa daraja la pili?" Sikuwa na cha kujibu.

Karatasi za rangi hazifanani mzigo kwa mzigo, hata nyeupe zina weupe tofauti, nyingine imeegemea bluu nyingine imeegemea njano. Kwahiyo nunua zote siku moja, kutoka mzigo mmoja, na uongeze asilimia 20 juu ya idadi uliyopewa. Nusu ya hiyo nyongeza ni ya kuharibika (itaharibika, usijidanganye), nusu ni ya kamati. Mteja akilalamika mwambie hiyo ndo bima ya michango ya wiki ya mwisho, ataelewa fasta maana na yeye anaijua kamati yake.

Sasa bahasha. Nazitanguliza kwa sababu karatasi unaweza kuikata utakavyo ila bahasha ukiikosa ya saizi yako umekwama. Saizi ambayo mi naipata bila kuhangaika ni ile ndefu nyeupe ya barua za ofisini, DL, ina milimita 110 kwa 220, na uzuri wake ni kwamba karatasi ya A4 ukiikata mara tatu unapata vipande vya 99 kwa 210 ambavyo vinaingia humo vizuri kabisa bila kubaki taka. Hesabu yake nyepesi, kadi 200 jumlisha asilimia 20 ni kadi 240, gawanya kwa tatu, karatasi 80. Pakiti ya 100 imekutosha na umebakiza za kuandikia majina ya meza. Ukitaka kadi ya kukunja, A5 ikikunjwa inakuwa A6 na inaingia bahasha ya C6, ambayo ni 114 kwa 162. A5 nzima inaingia C5, 162 kwa 229. Angalizo hapa, tempuleti nyingi za bure za intaneti zimetengenezwa kwa vipimo vya Marekani, inchi 5 kwa 7, hiyo ni kama 127 kwa 178, haiingii C6, na kwenye C5 inaogelea kama sangara kwenye beseni. Badilisha vipimo mapema.

Bahasha ikikosekana kabisa mi sihangaiki nayo, nafunga kadi kwa mkanda wa karatasi ya kaki halafu kamba nyembamba ya katani juu yake, au kipande cha kitenge cha sare kama familia imeshanunua sare. Inapendeza kuliko bahasha nyingi.

Uzito. Watu wakiingia dukani wanasema "nataka karatasi ngumu" na muuzaji anawapa anachotaka kukiuza. Taja GSM, yani gramu za mita mraba moja ya karatasi. Ya kawaida ya fotokopi ni 80. Kadi ya kipande kimoja isiyokunjwa mi naitaka 230 mpaka 300, ya kukunja 200 mpaka 250, na karatasi ya ndani yenye maandishi, kama unaweka ya ndani, 100 au 120 inatosha. Sasa duka likikosa kujua GSM ya mzigo wake, au pakiti ikiwa haina maandishi, kuna ujanja mmoja ambao mi naupenda sana. Ile karatasi kubwa ya A0 ina eneo la mita mraba moja, na A4 ni moja ya kumi na sita ya A0. Kwahiyo chukua karatasi 16 za A4 uzipime zote kwa pamoja, gramu utakazosoma ndo GSM yenyewe, hakuna hesabu nyingine. Mizani ya watu wa keki inatosha, na huu mji wa wauza dhahabu mizani nzuri ya kuazima haikosekani. Nimeshakutana na pakiti imeandikwa 300 mizani ikasema 230, nikairudisha palepale kabla sijatoa hela.

Haya tuingie mjini. Usianze na kuulizia "karatasi za kadi za harusi", ukitamka harusi tu bei inavaa suti. Anza na salamu, ukipata mzee wa Kisukuma mwambie mwangaluka kama ni asubuhi, halafu ulizia kava za baindingi. Hapa ndo siri yangu kubwa na naitoa bure. Zile kava za nyuma za kubaindi ripoti, watu wanaziita embosi, zenye mkwaruzo kama ngozi, ni kadi nzuri ya A4, nyingi zina kama GSM 230, zinauzwa pakiti ya 100, na zina rangi za kiume kiume zile za bluu nzito, maruni, kijani, nyeupe, krimu. Steshenari yoyote inayohudumia wanafunzi inazo, na zaidi ukienda kule Malimbe karibu na chuo cha SAUT au maeneo ya Bugando, maana wanafunzi wanabaindi mwaka mzima na wakati wa risechi ndo zinaisha haraka, kwahiyo epuka kipindi hicho au wahi kabla. Ukikata kava ya krimu mara tatu ukachapa kwa wino wa kahawia, hakuna mtu ukumbini atajua ilizaliwa iwe ripoti ya fildi.

Kuna karatasi za Conqueror, zile ambazo watu huchapia vyeti na barua za heshima, ukiinua juu kwenye mwanga unaona alama ya maji, na aina nyingine ina mistari mistari ukiipitishia kidole. Nyepesi yake inafaa kuwa ya ndani. Usikubali uzito wa barua uutumie kama kadi, italegea mikononi mwa wageni kabla hawajafika ukumbini.

Halafu kuna ile ya kupitisha mwanga, ya wachora ramani. Wengi wanaitafuta kwa jina la velamu wanaambiwa haipo, wakati ukienda kwa watu wanaochapa ramani za nyumba ukaomba "tresingi" unaipata, mara nyingi ya GSM 90, kwenye roli au shiti. Unaifunika juu ya kadi, inakuwa kama shela. Ila wino wa printa za inki, zile za wino wa maji, juu yake haukauki haraka, unashika na kuchafua, ichape kwa printa ya leza, shiti moja moja, usiwe na haraka.

Manila hata sielezi sana, ipo kila mahali, ni bei rahisi, shida yake rangi inapauka ukiiacha juani na kingo zinachoka. Kwa kadi za mchango sawa, kwa mwaliko wenyewe mi siipendi. Kaki ndo naipenda, ile ya kahawia. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza kaki hapa hapa nchini, kwahiyo sio kitu cha kusubiri meli. Kwenye kaki usichape rangi nyepesi, printa za kawaida hazina wino mweupe, njano yako itapotelea kwenye kahawia na pinki itakuwa kama kovu. Nyeusi tu, au nenda kwa wale vijana wa kuchapa tisheti kwa skrini, wao wanaweza kukuwekea nyeupe au dhahabu juu ya karatasi nyeusi, bluu, yoyote. Wengi wanasahau hao vijana wapo.

Sehemu nyingine ni nyuma ya viwanda vya uchapaji vyenyewe, mitaa ya katikati ya mji huku Rufiji, Lumumba na kuelekea barabara ya Pamba. Hawa wananunua shiti kubwa na wanabaki na vipande. Vipande vyao vya ati kadi (ile kadi laini ya vipeperushi) na kadi za kung'aa vinaweza kukutosha kazi ya watu 50 au 60. Nenda mchana kazi zikiwa zimepungua, ongea na fundi wa mashine ya kukata kwanza, sio bosi, mletee soda, akuonyeshe kilichopo. Na huyu fundi wa kukata mfanye ndugu yako kabisa, maana kazi ya siku mbili kwa kisu na rula yeye anaimaliza kwa dakika kumi na kingo zinakuwa zimenyooka. Mwombe tu akate kipande kimoja cha majaribio uone kama kisu kina makali, karatasi za kung'aa zikikatwa na kisu butu kingo zinatoka meupe meupe kama meno ya mswaki uliochoka. Shiti ya A1 inatoa A5 16, kwahiyo kadi 200 za kukunja pamoja na nyongeza ni shiti 15.

Kabla hujatoa hela ya pakiti nzima nunua shiti mbili tu, zile mbili uende ukazitese nyumbani. Ya kwanza ikunje. Karatasi ina mkondo wa nyuzi, ukiipinda kidogo bila kukunja kwa pande zote mbili utaona upande mmoja unalainika na mwingine unakataa, ule unaolainika ndo mkunjo wako ufuate. Ukikunja kukatisha nyuzi inapasuka juu na kuonyesha weupe wa ndani, na kama umechapa rangi nzito pale kwenye mkunjo tona, yani wino wa unga wa leza, inabanduka. Kabla ya kukunja pitisha kalamu iliyokwisha wino kwa rula, mstari mmoja, ndo ukunje, utaniombea dua. Ya pili ipitishe kwenye printa utakayotumia siku ya kazi, sio ya jirani. Printa nyingi ndogo za ofisini zinaanza kusumbua ukipita GSM 200 hivi, tumia mlango wa nyuma ambao karatasi inapita moja kwa moja bila kupinda. Na chonde chonde, karatasi ya picha ya glosi iliyotengenezwa kwa printa za inki usiiweke kwenye leza, joto linaweza kuiyeyusha ikang'ang'ania ndani na printa ya watu ukailipa. Kinyume chake, kadi ya kung'aa kama lulu ukiichapa kwa inki kaa nayo masaa, bado kidole kitaifuta. Baada ya hapo paka gundi ile utakayotumia, acha ilale mpaka kesho, gundi ya maji inakunja karatasi nyepesi ikawa kama mawimbi ya ziwa.

Ukikosa Mwanza, sawa, kuna nje. Kariakoo ndo wa kwanza, ila usitumiwe picha, tumiwa sampo, lipia tu nauli ya bahasha kwenye basi, inafika kesho yake unaishika mwenyewe. Nairobi maeneo ya River Road na Kampala mtaa wa Nasser ni mitaa ya wachapaji tangu zamani, kama una ndugu anapita Sirari au Mutukula mwagize, ila risiti akae nayo na ushuru muuhesabu, usije ukashangaa kadi moja imekugharimu sahani ya pilau. Kuagiza China kwa kargo angalia uzito kabla hujafurahia bei, karatasi 100 za A4 za GSM 300 ni karibu kilo 1.9, na kargo ya ndege inahesabu kilo. Ya meli bei nafuu ila harusi haisubiri meli.

Mzigo wa basi ufungwe kwenye nailoni kwanza, halafu katikati ya mbao mbili nyembamba au maboksi magumu, uandikwe usikunje kwa herufi kubwa. Karatasi ya 300 usiikunje roli, ikizoea kujikunja haisahau. Na toka stendi ya Nyegezi usipande bodaboda na shiti za A1 mkononi, nimefanya hivo mara moja, upepo wa ziwa ulinigeuza tanga, dereva akaniambia dada tukidondoka mi sipo. Chukua bajaji.

Wateja wengine siku hizi wanataka kitu cha hapa hapa, wanasema wanataka kadi "ya ziwa". Unaweza kutengeneza mwenyewe karatasi ya magugu maji, yale yaliyotuvamia ziwani tangu miaka ya mwisho ya 80. Ongea na watu wa mwalo wakutolee, usiingie mwenyewe, na ukilazimika vaa buti na glavu ndefu, kichocho kipo ziwani sio hadithi. Unachukua vile vishina vya majani, mizizi na majani unatupa, unakatakata vipande vya sentimita mbili tatu, unachemsha na magadi masaa kadhaa mpaka viwe laini ukivibinya vinaachana, unasuuza mpaka maji yawe meupe, unatwanga kwenye kinu. Magugu peke yake maji yanachuja polepole sana na karatasi ikikauka inakuwa ngumu kama ganda na kuvunjika, kwahiyo changanya nusu kwa nusu na karatasi nyeupe za ofisini zilizolowekwa usiku kucha. Mwaga ile rojo kwenye beseni la maji, chota kwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirishani, tikisa kidogo pande zote, geuzia juu ya kitambaa, kandamiza, anika kivulini. Anika mbali na dagaa. Nasema hivi kwa sababu najua mtu ataona pale mwaloni kuna jua na nafasi, ataanika, na wageni 200 watapokea mwaliko unaonukia soko la samaki la Kirumba.

Hii karatasi usiipitishe kwenye printa, ina vinyuzi vitaharibu. Mi nairarua kingo kwa rula nikaiacha na ule mchanyato wake, halafu nabandika juu yake kipande cha karatasi laini kilichochapwa, au naweka muhuri wa majina. Anza mwezi mzima kabla, kwa siku ukiwa peke yako na fremu mbili ukitoa A4 30 umejitahidi.

La mwisho ni kuzitunza, hasa mvua za masika, Machi mpaka Mei, na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, unyevu wa huku ziwani unapanda na karatasi inakunywa. Usiweke chini kwenye sakafu ya saruji, weka juu ya meza au kichanja, zilale, usizisimamishe, zibaki kwenye nailoni yake mpaka siku moja kabla ya kuchapa, siku hiyo ndo uzifungue zikae chumba kimoja na printa zizoee hewa, hazitajikunja zikipita kwenye joto. Zile za nyongeza ulizonunua chapa zote pamoja na nyingine ila acha nafasi ya jina wazi, andika jina kwa kalamu, zifunge, na simu ya mwenyekiti ikiita siku nne kabla unamuuliza tu, "ngapi mzee?"